Dawa Haishukuriwi

Ukitaka kumkasirisha Nyanya wa Vyungu, mwambie asante. Ungeweza kumkanyaga mguu, ungeweza kumwambia kikwembe alichojifunga kimepauka, angekutukana kidogo kisha mngecheka pamoja. Lakini asante ya dawa, loo! Hapo ungeona mwanamke mfupi anavyoweza kujaza uwanja mzima.

Mimi nilimwambia siku ya kwanza kabisa tulipokutana, na nitaeleza ilivyokuwa. Ila jueni toka sasa kwamba mwanamke huyu alinifanyia jambo kubwa kuliko yote niliyofanyiwa na mtu asiye wa damu yangu, na kwamba kwa miaka zaidi ya kumi nilitembea na neno moja kooni, nisipate pa kulitua. Kila nilipojaribu kulisema, alinizuia. Na mimi si mtu wa kuzuiwa kusema. Waulizeni walionijua.

Jina lake nalijua, silitaji. Alizaliwa na nani, hilo sielezi, maana hata yeye hakueleza mara mbili kwa namna moja. Mara baba yake alikuwa Mubangubangu wa upande wa Kabambare, mwindaji. Mara alikuwa mwungwana wa Nyangwe mwenye kanzu na msahafu. Mara ya tatu, alipochoka na maswali yangu, akasema aliokotwa kwenye shamba la mupunga. "Chagua weye inayokupendeza," akaniambia, "na upitishe ile kisu."

Mji mzima wa Kasongo ulimjua kwa vyungu vyake. Hakupika dawa ya wanawake wawili ndani ya chungu kimoja. Kila aliyemwendea alibeba chungu kipya, kisichowahi kuonja sombe wala maharage, na akipona, chungu kilibaki kwake, kikapinduliwa mdomo chini nyuma ya nyumba. Vilijipanga pale mpaka kwenye migomba, migongo myeusi kwa moshi, na mwenye macho ya udaku kama mimi alipita akijiuliza kila kimoja ni cha nani. Yeye hakusema hata siku moja. Wake za makalani wa ofisini, wake za wenye maduka, wanawake wa mashamba ya pamba, Waislamu wa mjini na sisi Wakristo wa vijijini, wote tulikuwa pale tumeinamishwa sawasawa.

Nilimwendea nikiwa katika mwezi wa pili wa ndoa yangu. Siku zangu za mwezi zilinitesa tangu usichana. Nilikuwa nalala nimekunja magoti, nauma pembe ya mkeka ili watu wasinisikie. Masere wa misheni, watawa walionilea shuleni, walinipa vidonge vyeupe, vikasaidia siku moja, siku nyingine hapana. Na ile pamba tuliyolazimishwa kulima na Serikali ya Wabelgiji haikujali mwezi wa mtu. Mstari wako usipopaliliwa, kapita, msimamizi wa mashamba, aliandika jina la mume wako, na mume wako akaitwa. Jirani yangu ndiye aliyenishika mkono akanipa masharti: uende jua halijatoka, usimsalimu mtu njiani, ukae mgongo wako kwenye mwimo wa mlango. Ukipewa, unywe. Ukimaliza, usimame uondoke bila neno, wala usitazame nyuma. Ukipona, ulete yai moja, uliweke kizingitini alfajiri, uende zako.

Nilifuata yote. Nilipita hata mbele ya mama mkwe wangu bila kumsalimu, na hilo lilinigharimu maneno kwa wiki mbili. Nikafika, nikakaa, nikanywa. Ilikuwa chungu mpaka machozi. Nikamrudishia kikombe na, kwa sababu masere walitufundisha neno hilo kabla ya kutufundisha kusoma, nikapiga goti nikasema, "Asante sana, Nyanya."

Alinitazama kama mtu aliyeona mbuzi anapanda meza. Kisha akashika chungu changu chote, dawa ikiwa bado inatoa mvuke, akaimwaga uwanjani.

"Weye! Nani alikutuma kuharibu kazi yangu?"

"Nyanya, nilikuwa nashukuru tu..."

"Anashukuru tu! Dawa haishukuriwi, mutoto wa masere. Ukiishukuru, inajua kazi yake imeisha. Inatoka ndani ya tumbo lako, inarudi pori. Na mimi nilitembea kwenda kuichimba huko, na hii magoti yangu!"

"Sasa nitafanya nini?"

"Utaumwa. Halafu mwezi kesho utarudi. Na mudomo uuache nyumbani kwa bwana yako, auchunge."

Nikaumwa kweli. Nililia mwezi ule, nusu kwa maumivu, nusu kwa hasira. Lakini nilirudi, nikanywa siku tatu nikiwa nimeuma ulimi, nikaondoka bila neno. Mwezi uliofuata nilipalilia mstari wangu wa pamba nikiimba, na kapita akauliza kama mume wangu ameninunulia kikwembe. Nikapeleka yai alfajiri, nikaliweka kizingitini. Kutembea kutoka pale bila kusema kitu kulikuwa kugumu kuliko kunywa ile dawa.

Mayai hayo hakula. Hilo nililijua baadaye, nilipoanza kumzoea na kukaa naye mchana nikimsaidia kuchambua majani. Kila yai lililoachwa kizingitini aliliweka chini ya kuku wa kutamia, na kifaranga kikitoka, alikipa jina la ugonjwa uliokileta. Kwa hiyo alikuwa na kuku jike aitwaye Mugongo, na mwingine Kiuno, na jogoo mkubwa mwenye kiburi aliyeitwa Kichefuchefu, kutokana na mjamzito mmoja aliyetapika miezi minne. Jioni alisimama mlangoni akiwaita kwa sauti ya kuvuka mtaa: "Kiuno we! Kiuno, ingia ndani! Mugongo, unazunguka wapi?" Wageni waliokuja sokoni walisimama kumshangaa. Sisi wenyeji tulicheka, na baadhi yetu tulicheka kidogo tu, maana tulijua ni kiuno cha nani.

"Kwa nini huwali, Nyanya?" nilimwuliza.

"Nitakulaje mugongo ya mutu?"

Kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kila siku: tumbo, kiuno, mgongo, maziwa, usingizi wa mwanamke aliyechoka. Majani ya mpera alikuwa nayo, na majani machungu, na tangawizi, na udongo wa kichuguu aliousaga laini kwa ajili ya wajawazito wenye hamu ya udongo. Alimkanda mzazi kwa maji ya moto na majani, akamfunga tumbo kwa kitambaa kirefu, akamlisha uji wa muchele wenye pilipili mpaka jasho likamtoka kama anayepiga nyundo. Na kila anayekandwa alipiga kelele, na kila mara alijibiwa vilevile: "Maji ya moto hayachomi nyumba. Geuka."

Alikuwa na mpaka wake, tena mpaka mkali. Siku moja alikuja mwanamke amevaa vizuri, amejipaka mafuta, akanong'ona kwamba anataka kitu cha kumfunga mume asitoke jioni. Nyanya akamwuliza kwa upole kabisa, "Bwana yako iko na nguvu?" Mwanamke akasema ndiyo. "Basi nenda soko ununue kamba. Ile nene." Yule mama alitoka bila hata kuaga, na mimi nilibanwa na kicheko mpaka nikatoka nje.

Na palipokuwa pazito kuliko majani yake, alisema. Aliweka kiganja juu ya tumbo la mtu, akafunga macho, akatikisa kichwa: "Hii haiko yangu. Hii ni ya materniti." Niliwahi kumwona akitembea mbele ya wanaume waliombeba mzazi kitandani, akiwatukana kwa ajili ya kila shimo walilokanyaga, mpaka mlangoni kwa masere, kwenye nyumba yao ya kuzalishia. Akamkabidhi, akageuka, akarudi kuchochea moto wake. Hakuona aibu yoyote. Ningekuwa mimi, ningeona.

Sasa msije mkafikiri nawachorea mtakatifu. Aliwakataza wanawake kubeba mzigo kabla ya siku arobaini baada ya kuzaa, akawafokea waume zao kwa jambo hilo, na papo hapo yeye, na mvi zake, alitoka porini na mzigo wa kuni ambao punda angeuonea shaka. Alipenda sifa ya nguo zake kupita kiasi. Alisema tumbaku inaharibu kifua, huku anainusa. Na juu ya hayo yote, alipenda sindano.

Ndiyo, sindano! Munganga wa Serikali alipopita na wasaidizi wake kuchoma watu, wengine tulikimbilia mashambani. Yeye alivaa kikwembe kizuri kuliko vyote, akajipaka mafuta, akawa wa kwanza mstarini. Akachomwa. Akatoka anasugua mkono na kutabasamu kama bibi arusi. Na mimi, kwa masikio yangu haya mawili, nilimsikia akimwambia yule munganga, "Asante, bwana! Asante mingi!"

Nilimfuata njia nzima. "Nyanya! Umesema asante!"

"Nilisema."

"Na mimi ulinimwagia chungu!"

"Ile ni chuma," akasema bila kusimama. "Chuma itarudi pori gani?"

"Na majani yako yote, bado unataka sindano ya wazungu?"

"Mupishi hakule kwa jirani? Weye unauliza sana. Ndiyo maana tumbo lako lilikuwa linauma, maneno yalijaa mule."

Nacheka ninapokumbuka. Lakini sasa nifike pale ambapo sikucheka.

Binti yangu wa kwanza alizaliwa vizuri, mzima, na maziwa yangu hayakuja. Siku ya kwanza watu husema ni kawaida. Siku ya tatu hawasemi tena. Masere walinipa maziwa ya mkebe, akatapika. Mtoto alikuwa analia kama mtoto wa paka, kisha akaanza kulia kidogo kidogo, na kule kunyamaza kuliniogopesha kuliko kilio. Mume wangu alikuwa fundi seremala. Asubuhi moja nilitoka nje kujinyoosha, nikaona nyuma ya nyumba amepanga mbao chache, fupi, zimepigwa randa. Hakuwa na oda ya kitu chochote kidogo hivyo. Nilirudi ndani nikamkumbatia binti yangu, nikamwambia Mungu maneno ambayo masere wasingependa kuyasikia.

Nyanya wa Vyungu hakuwa na desturi ya kumfuata mgonjwa. Mgonjwa ndiye aliyemfuata. Siku ile alifika mwenyewe, chungu kipya kichwani, kwa sababu alisikia sokoni. Hata hodi hakupiga. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akamtazama mume wangu aliyesimama kama nguzo.

"Bwana, weye unangojea nini? Leta maji. Leta kuni. Kisha leta maji tena."

Alinikanda matiti kwa majani ya moto mpaka nikamwita mama yangu. Alikaanga mbegu za pamba, akazitwanga, akazikamua, akatoa kitu cheupe akakichanganya na uji, na vitu vingine ambavyo navijua lakini sivitaji hapa. Si pamba ya Serikali, maana hiyo hakuitaka; ilikuwa pamba ya zamani, ile inayoota iwe mti, ambayo wazee walikuwa nayo kabla ya kapita na daftari lake. Alinilisha kwa mkono wake. Nilipolia, aliniacha nilie, kisha akasema, "Sasa umemaliza? Meza." Alimpa mtoto matone ya maji ya muchele kwa ncha ya kidole, usiku na mchana, na siku hizo zote alilala miguuni pangu, kwenye mkeka, mwanamke mwenye magoti mabovu.

Siku ya nne, kabla ya adhuhuri, kikwembe changu kililowa kifuani. Nilidhani ni jasho. Binti yangu akashika, akavuta, akapaliwa, akavuta tena. Sauti ile ya kumeza, jamani. Mpaka leo sijasikia wimbo mtamu kama ule.

Nikainua uso, mdomo ukafunguka wenyewe. Nyanya alikuwa ameshaona. Alinifunika mdomo kwa kiganja chake, kinanuka moshi na tangawizi.

"Unataka kuyakausha?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi unyonyeshe." Akachukua chungu chake, akatoka.

Zile mbao mume wangu alizitengenezea kiti kidogo cha mtoto. Nilipeleka yai, kama desturi. Yai moja! Kwa uhai wa mtoto wangu, yai moja, sawa na mtu aliyeumwa kiuno. Moyo wangu ulikataa. Hapo ndipo lile neno lilipokaa kooni.

Nilijaribu kila njia. Mume wangu alimchongea kigoda kizuri chenye miguu mitatu. Akakikalia mara moja, akasema kiko kigumu, jioni akampa mwanamke mpofu wa mtaa wa pili. Nilimpelekea kikwembe, akauliza nani amekufa. Nilimwomba Padri asome Misa kwa nia ya "mtu mmoja aliyenitendea mema", Padri akasoma, na Nyanya akanipitia asubuhi iliyofuata kuniambia kwamba mdomo wangu umefika mbali mno, niurudishe nyumbani. Mtoto alipopokea Komunyo ya kwanza nilimpeleka kwake na gauni lake jeupe, nikamsimamisha mbele yake bila kusema kitu. Nilidhani, atamwona na ataelewa. Alimzungusha, akampapasa mabega, akasema, "Huyu anakula vizuri," na akaendelea kuchambua majani. Nilikasirika! Nilirudi nyumbani nikapiga milango.

Njia pekee niliyompendeza nayo ilikuwa ya kunyamaza, na ilikuja hivi. Serikali ilikataza mtu kuacha mti wa pamba shambani baada ya mavuno. Yote ing'olewe, ichomwe, walisema inalea wadudu. Polisi wa pamba walizunguka nyumba hadi nyumba, wakaukuta mti wa Nyanya nyuma ya choo, mzee, mrefu kupita mtu.

"Mama, hii ni nini?"

"Macho yako iko namna gani? Ni pamba."

"Pamba yote ni ya Serikali."

"Ee! Serikali inanyonyesha?"

Wakampeleka ofisini hata hivyo, na akaamriwa aung'oe mwenyewe mbele ya watu. Aliung'oa. Alilia kwa sauti, alijitupa chini, aliita mababu wote, wa Kabambare, wa Nyangwe na wa shamba la mupunga, yaani wa zile hadithi zote tatu. Yule polisi mdogo mpaka akamwonea huruma, akamsaidia kuuchoma. Mimi nililia naye. Niliwaza wanawake wote watakaozaa mwaka ule, na nikalia kwa uchungu.

Wakati huo nilikuwa nafua mashuka ya materniti. Miezi michache baadaye nilikuwa naanika, nikatazama bustani ya maua ya masere mbele ya mlango mkubwa. Katikati ya maua yao ya Ulaya palikuwa na mmea ulionizidi kiuno, wenye ua la manjano, na jingine lililoanza kugeuka jekundu. Masere mkubwa alikuwa anaumwagilia kwa mkono wake.

"Mzuri, sivyo?" akaniambia. "Sijui umetoka wapi. Mungu ndiye aliyeupanda."

Nikatazama ule mti wa pamba. Nikatazama polisi wa pamba anapita barabarani, anavua kofia, anamsalimu masere na bustani yake. Na mimi, mwenye mdomo huu, nikasema, "Ndiyo, masere, ni mzuri sana," nikaendelea kuanika. Tangu hapo nilielewa kwa nini Nyanya wa Vyungu, Mwislamu wa kufunga na kufungua, alikuja kila Jumapili mchana kuwasalimu masere, na kwa nini aliondoka na fundo la mbegu kwenye pembe ya kikwembe. Siku moja alinipita pale kambani. Alinipiga kidogo kwa nyonga, kama wasichana wanavyofanya kisimani, akaenda zake. Nilifurahi siku nzima, na bado lile neno lilikuwa kooni.

Kisha akazeeka, kama watu wote. Ndugu zake wakaja kumchukua, wakampeleka Kabambare. Aliondoka na kuku wake ndani ya vikapu, Kichefuchefu wa pili au wa tatu akiwika juu ya kamio, lile lori la kubeba muchele, na vyungu vyetu vyote akavivunja kabla ya kuondoka, ili asije mtu akavipikia. Hakuaga.

Nilimwona mara moja tena, mwaka ule ambao watu walianza kunong'ona kwamba Wabelgiji wataondoka. Mume wangu aliitwa kutengeneza milango huko Kabambare, nami nikapanda kamio ya muchele kumfuata. Nilijiambia: safari hii nitasema, dawa ikauke isikauke, binti yangu ameshakuwa msichana mkubwa, maziwa yameisha kazi. Njia ile ilitutikisa mpaka meno, na mimi nilikuwa narudia lile neno moyoni kama mtoto wa katekisimu.

Nilimkuta amelala kwa ubavu penye mlango wa jikoni, mdogo kuliko nilivyomwacha. Mgongo ulikuwa umemkataa. Hakuweza kuinuka kuchochea moto, na wale wasichana wa nyumbani walimwogopa, wakimkanda kidogo anawafukuza.

"Mugeni njoo, mwenyeji apone," akasema aliponiona. Kisha akaongeza, "Umenenepa."

Nilifungua mdomo niseme lile neno. Nikaona moto wake umezimika jikoni, na neno likaona haya. Nikauliza, "Chungu kipya kiko wapi?"

"Cha nini?"

"Nitafute au utanionyesha?"

"Weye? Weye mutoto wa masere, unajua nini?"

Nilikaa siku tatu. Nilikwenda kuchimba mwenyewe, nilichemsha mwenyewe, nilimkanda kiuno na mgongo kwa yale majani niliyomwona akiyashika miaka yote ile. Siku ya kwanza kila kitu kilikuwa kibaya: maji ya moto mno, maji ya baridi, moto wa kuni mbichi, mkono wangu mzito kama wa mfinyanzi. Nikamwambia, "Maji ya moto hayachomi nyumba. Geuka." Akageuka, na nikasikia mgongo wake unatikisika kwa kicheko. Siku ya pili alilalamika kidogo. Siku ya tatu asubuhi, jua halijatoka, nilimkalisha mgongo wake kwenye mwimo wa mlango, nikampa kikombe.

Akanywa yote. Nikangoja. Yeye ambaye alikuwa na la kusema juu ya kila kitu, mvua, bugari lisiloiva, pua ya mtu anayepita, aliniwekea kikombe mkononi, akashika ukuta, akasimama. Alisimama mwenyewe! Akaingia ndani, hatua kwa hatua, bila neno, bila kugeuza shingo.

Nilidhani nimekosea kipimo. Nilidhani amekasirika. Nilimsubiri mchana kutwa atoke anitukane, hakutoka. Wasichana walisema amelala vizuri, amekula. Nikaenda kulala kwenye kibanda walichonipa, roho yangu imesinyaa, maana kamio ilikuwa inarudi kesho yake na mimi sikuwa nimesema.

Alfajiri nilifungua mlango. Kizingitini palikuwa na yai moja.

Nilikaa chini palepale, nikalia kwa furaha, sijui muda gani. Kutoka mlango wake mpaka wangu palikuwa na uwanja mzima na mteremko. Alitembea hapo gizani, kwa mgongo ule. Nililishika lile yai, lilikuwa bado na joto la mkono. Nikalifunga katika pembe ya kikwembe, nikapita mbele ya nyumba yake, mlango ukiwa wazi kidogo, na nilijua yuko nyuma yake ananisikiliza. Sikusema kitu. Nikaenda kupanda kamio, wala sikutazama nyuma.

Mume wangu, aliyekuwa amemaliza ile milango, alicheka njia nzima: mtu mzima amekumbatia yai juu ya magunia, kila shimo anainuka nalo kama padri na kikombe. Halikupasuka. Nililiweka chini ya kuku wangu wa kutamia, nimelitia alama ya mkaa, na likatoa jike mwekundu mwenye miguu mifupi na tabia mbaya.

Kwa desturi ya Nyanya ningemwita Mugongo. Nilifikiri sana. Mwishowe nikasema, kuku ni wangu, uwanja ni wangu, na hakuna mtu awezaye kumkataza mwanamke kumwita kuku wake jioni. Kila jua lilipokuwa linazama nilisimama mlangoni, nikageukia upande wa Kabambare, nikaita kwa sauti ya kuvuka mtaa:

"Asante! Asante we! Asante, njoo ndani!"